Ni Homoni Tu

Katika sentensi "ni homoni tu", neno linalofanya kazi kubwa ni lile la mwisho. "Ni homoni" ni taarifa. Ukiambiwa hivyo unaweza kuuliza ni homoni ipi, imetoka wapi na imekwenda kufanya nini. Ikiongezwa "tu", maswali yanaisha. Msemaji ameshaamua kwamba hapa hakuna cha kusikiliza, kuna cha kusubiri kipite, kama manyunyu.

Tunaisema kwa binti wa miaka 14 aliyebamiza mlango, kwa mjamzito anayetokwa na machozi wakati wa taarifa ya habari, kwa mwanamke wa miaka 50 aliyepaza sauti kikaoni. Sentensi hii ina dada yake mkubwa, "yuko kwenye siku zake", ambaye sote tumemsikia ofisini na kwenye makundi ya WhatsApp. Tofauti ni kwamba huyu mdogo amevaa koti jeupe la maabara, kwa hiyo tunamwogopa kidogo. Nani abishane na sayansi?

Mimi nataka kubishana, ila ugomvi wangu hauko na sayansi. Swali langu ni la maadili: tukijua kwamba hasira au huzuni ya mtu imepitia kwenye homoni, je, tumepata ruhusa ya kutojibu anachokisema? Ili nilijibu nitaifuata homoni inayolaumiwa kuliko zote, estrojeni, kutoka inakotengenezwa hadi ubongoni. Wanaosema "tu" hudhani wanajua inachokwenda kufanya huko.

Tuanze na jina, maana kesi hii iliharibika tangu siku ya ubatizo. Neno "homoni" lilianza kutumiwa mwaka 1905 na Mwingereza Ernest Starling, akilitoa kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya kuchochea. Hilo halina ubaya. "Estrojeni" nalo asili yake ni oistros, jina la Kigiriki la yule nzi anayewauma ng'ombe hadi wakatimua mbio. Baadaye jina hilo likawa la wazimu wenyewe, likapita kwenye joto la wanyama jike, hatimaye likafika maabara. Kemikali hii iliitwa kizaa-wazimu wakati kazi zake nyingi bado hazijajulikana. Mshtakiwa aliingia mahakamani akiwa ameshaandikwa hatia kwenye kitambulisho.

Shuleni tulifundishwa kwamba tezi ya pituitari, inayoning'inia chini ya ubongo ikiwa na ukubwa wa punje ya njegere, ndiyo tezi kuu. Ninaukumbuka mchoro wake: mishale yote ilikuwa inashuka. Pituitari inaiamuru ovari, inaiamuru tezi ya shingoni, inaziamuru zilizo juu ya figo. Ulikuwa utawala wa kizamani, juu wanaamua na chini wanatekeleza, na zidumu fikra za mwenyekiti.

Mchoro huo ulikuwa na nyufa kabla hata sisi hatujazaliwa. Mwaka 1952 Geoffrey Harris na Dora Jacobsohn waliwaondolea panya pituitari zao, wakawapandikizia nyingine. Zilizowekwa chini ya sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi, zikaunganika na mishipa midogo ya damu ya hapo, zilifanya kazi. Zilizowekwa pembeni, chini ya sehemu nyingine ya ubongo, zilipata damu lakini zikalala. Kumbe mkuu alikuwa na mkuu wake.

Mjumbe kati yao alitambuliwa mwaka 1971, baada ya maabara mbili za Marekani, ya Andrew Schally na ya Roger Guillemin, kushindana kwa miaka zikisaga vipande vya ubongo wa nguruwe na wa kondoo kwa maelfu na maelfu. Mjumbe huyo ni molekuli ndogo yenye amino asidi 10, inayojulikana kwa kifupi kama GnRH. Haipothalamasi huiachia kidogo kidogo, kwa mapigo. Pituitari ikiipata hutoa homoni mbili, LH na FSH. Hizo zikifika kwenye ovari, kijifuko chenye yai hukua, na kadiri kinavyokua ndivyo kinavyotoa estrojeni.

Hapa ndipo mishale ya mwalimu wangu inapogeuka, kwa sababu estrojeni inapanda. Inasafiri na damu hadi kwenye pituitari na haipothalamasi, na kwa sehemu kubwa ya mwezi ujumbe wake ni mmoja: inatosha, punguzeni. Wanabaiolojia wanauita mrejesho hasi. Bila huo, juu wangeendelea kusukuma bila kujua kama kazi imefanyika.

Kisha, katikati ya mwezi, ujumbe unageuka. Yai likikaribia kupevuka, estrojeni hupanda sana, na ikikaa juu kwa kama siku mbili, kilekile kilichokuwa kinatuliza sasa kinaamsha. Pituitari humwaga LH kwa wingi, na baada ya saa 36 hivi tangu mmwagiko uanze, yai hutoka. Kwa hiyo siku ya yai kutoka haipangwi na ubongo peke yake kisha ovari ikajulishwa. Ovari ndiyo inayopeleka habari kwamba yai liko tayari, na wakubwa huko juu wanaisubiri.

Ernst Knobil na wenzake huko Pittsburgh, katika miaka ya 1970, walifanya jaribio ambalo huwa nalifikiria kila ninapokaa kwenye mikutano mirefu. Waliwachukua tumbili aina ya rhesus ambao haipothalamasi zao hazikuweza tena kutoa GnRH, wakawapa GnRH kwa njia ya mshipa. Walipoitoa kwa pigo moja kila saa, pituitari iliamka na kufanya kazi. Walipoidondosha mfululizo bila kukatika, pituitari ilinyamaza. Hospitali leo hutumia ukweli huo kuwatibu watoto wanaobalehe mapema mno na wanaume wenye saratani ya tezi dume: ishara hiyohiyo, ikitolewa bila pumziko, huzima kile ilichokuwa inakiwasha.

Lilibaki fumbo moja. Seli za neva zinazotoa GnRH hazina kile kipokezi cha estrojeni kinachohitajika kwa kazi hii. Ujumbe unafika mlangoni, lakini mwenye nyumba hasikii. Nani basi anampasha habari? Jibu lilitoka mahali pasipotarajiwa. Mwaka 1996, watafiti wa saratani katika mji wa Hershey, Pennsylvania, walipata jeni ambayo wakaipa jina linalotokana na chokoleti maarufu za mji huo, Hershey's Kisses. Protini yake ikaitwa kisipeptini. Mwaka 2003, makundi mawili ya watafiti yakaonyesha kwamba watu waliozaliwa na kipokezi kibovu cha kisipeptini hawabalehi. Ikaja kujulikana kwamba seli za kisipeptini ndizo masikio: zina vipokezi vya estrojeni, na zinaongea na seli za GnRH. Katika panya ziko makundi mawili. Kundi moja likisikia estrojeni hunyamaza. Jingine likisikia estrojeni hiyohiyo huanza kusema.

Nimekupeleka safari hii yote, msomaji, kwa sababu ya jambo moja. Mtu anayesema "ni homoni tu" anaiwazia estrojeni kama mkono unaomsukuma mtu kutoka nyuma. Ukiifuata, unaikuta inafanya kazi kama habari. Maana yake inategemea nani anaisikia, imekaa kwa muda gani, na kabla yake kulikuwa na nini. Kuanzia hapo tayari "tu" inapwaya.

Nayo inazidi kupwaya tukihama kutoka kwenye yai kwenda kwenye hisia. Mwaka 1998, watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walizima kwa dawa homoni za ovari kwa wanawake waliokuwa wakisumbuliwa sana na hali ya moyo kabla ya hedhi. Wengi wao walipata nafuu. Waliporudishiwa estrojeni au projesteroni, dalili zilirudi. Lakini wanawake wengine, wasio na historia ya tatizo hilo, walipitishwa njia hiyohiyo na homoni hizohizo, na hali yao haikubadilika. Homoni ilikuwa moja, wasikilizaji walikuwa tofauti. Aliyewaona wa kundi la kwanza peke yao angesema ni homoni tu. Aliyewaona wote asingeweza.

Sasa tufike kwenye umri ambao sentensi hii hupendwa zaidi. Mayai yakiisha, estrojeni ya ovari hushuka, na ubongo haupati tena ile "inatosha". Unaendelea kuita. FSH hupanda mara nyingi kuliko ilivyokuwa ujanani, na ndiyo maana daktari huweza kuipima kama dalili ya ukomo wa hedhi. Naomi Rance, mtafiti wa Arizona, alionyesha kwamba kwa wanawake waliofikia hatua hiyo kuna seli za haipothalamasi zinazokuwa kubwa kuliko awali. Leo tunajua ni seli za ukoo huohuo wa kisipeptini, na kwamba zinagusana na mitambo ya kupimia joto la mwili. Ndiyo yale majoto yanayomwamsha mama usiku wa manane, shuka limelowa, naye anafungua dirisha wakati wengine wanajifunika. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha dawa iitwayo fezolinetant, inayozuia ishara ya seli hizo. Dawa hiyo haikutokana na watu waliosema ni homoni tu. Waliofika huko ni wale walioendelea kuuliza: seli ipi, inamwambia nani, inamwambia nini?

Kuna waliosikiliza mapema zaidi. Katika miaka ya 1950, kampuni ya dawa ya Serono huko Italia ilihitaji LH na FSH kwa wingi. Mwanakemia wake, Piero Donini, alijua zinapatikana kwenye mkojo wa wanawake waliokoma hedhi. Wapi utawapata wengi, wanaoishi pamoja, na usio na shaka kwamba hakuna mjamzito kati yao? Kwenye nyumba za watawa wazee. Mkojo wa masista ulikusanywa, ukasafishwa ukawa dawa, na mwaka 1962 alizaliwa Israeli mtoto wa kwanza wa tiba hiyo, chini ya uangalizi wa daktari Bruno Lunenfeld. Miili ya wanawake ambao hawakuzaa ilikuwa inaita kila siku, na mtu mmoja aliyechukulia wito huo kuwa na maana akaupelekea wanawake wengine watoto.

Ninaandika haya nikiwa na karatasi moja mezani. Ni muhtasari wa kikao cha familia ya upande wa mama, na mwandiko ni wangu, kwa kuwa kwetu mdogo kuliko wote ndiye hushika kalamu. Ajenda ilikuwa kiwanja cha bibi. Bibi amelala kitandani mwaka wa pili sasa, na wajomba walipendekeza kiuzwe ili apate matunzo. Mama Mkubwa, mwenye miaka 52, ndiye anayemwogesha na kumlisha. Alisimama akauliza: "Fedha zitashikwa na nani, na nani atakayezihesabu?" Hakujibiwa. Akauliza tena kwa sauti ya juu. Mara ya tatu alipiga meza, akaanza kulia, akijipepea kwa kanga maana joto lilikuwa limempanda hadi usoni. Mmoja wa wajomba akasema kwa upole kabisa, kama mtu anayemtetea: "Mwacheni dada apumzike. Umri huu, hizo ni homoni tu." Watu wakatikisa vichwa kwa huruma. Kikao kikaendelea na ajenda inayofuata.

Kwenye karatasi, swali lake liko namba nne. Nililiandika kama alivyolisema, na nikaacha mstari wa jibu. Mstari huo mpaka leo ni mweupe.

Hakuna aliyemtukana. Hakuna aliyesema anaongopa. Hata uchunguzi wa mjomba unaweza kuwa sahihi: huenda kweli, kama estrojeni yake ingekuwa ile ya miaka 30, asingelia. Nalikubali hilo lote, na bado nauliza fedha zitashikwa na nani.

Lugha yetu inatutega hapa, kisha inatunasua. Neno "sababu" tunalitumia kwa mambo mawili. Ukiuliza "sababu ya hasira yake ni nini?" naweza kukujibu kwa kutaja kilichoiwasha ndani ya mwili: usingizi, njaa, homoni. Naweza pia kukujibu kwa kutaja anachokilalamikia. La kwanza ni chanzo, la pili ni hoja. Chanzo hupimwa maabara. Hoja hupimwa kwa kuitazama yenyewe, kama ni kweli au si kweli. Ujanja wa "ni homoni tu" ni kumpa mtu chanzo wakati ametoa hoja, na kujifanya deni limelipwa.

Chukua abiria wa daladala anayemfokea konda kwa ajili ya chenji. Hajala tangu asubuhi, na laiti angekuwa ameshiba angedai kwa sauti ya chini, au angeiacha. Njaa ndiyo chanzo cha ukali wake. Lakini swali la kama konda amebakiza shilingi 500 halijibiwi kwa kulitazama tumbo la abiria. Linajibiwa kwa kuhesabu chenji. Na inawezekana kabisa kwamba njaa ndiyo iliyomfanya aione 500 ambayo kila siku alikuwa akiipoteza bila kujua.

Kisha kuna huyu mtulivu anayetoa uchunguzi. Utulivu wake umetoka wapi? Naye ana ubongo unaoogelea kwenye kemikali. Katika mwili wa mwanaume, sehemu ya testosteroni hubadilishwa kuwa estrojeni, hata ndani ya ubongo, na ni hiyo estrojeni inayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kuiambia haipothalamasi yake kwamba inatosha. Mjomba alipokuwa akisema "hizo ni homoni tu", estrojeni ilikuwa kichwani mwake pia, ikipeleka habari zake. Alikuwa amelala vizuri, amekunywa chai, na haogeshi mgonjwa usiku. Kama chanzo cha kimwili kinafuta hoja, basi na pendekezo lake la kuuza kiwanja limefutika. Tungebaki sote bila la kusema, tukisikiliza ovari na korodani zikijadiliana kuhusu ardhi.

Najua kipo kinachoweza kusemwa dhidi yangu, na si kidogo. Homoni wakati mwingine hupotosha kweli. Wapo wanawake ambao kila mwezi, kwa siku kadhaa, dunia huwa nyeusi kiasi cha kutaka kuiacha. Tangu mwaka 2013 hali hiyo imo kwenye mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani kama ugonjwa kamili. Kwao, kusikia "hii ni homoni" kunaweza kuokoa maisha: kunawaambia kwamba giza hili lina mlango, na tiba ipo. Mimi mwenyewe ninazo siku ambazo sijibu ujumbe wa kazini mpaka kesho yake, kwa sababu naujua ukali wangu unatoka wapi. Kukataa hayo kwa jina la heshima ya wanawake kungekuwa ukatili wa aina nyingine.

Lakini angalia nani anaisema na inafanya nini ikishasemwa. Mwanamke akisema "leo siko sawa, nipeni hadi kesho", anaomba muda ili arudi kwenye hoja. Daktari akisema "tupime", anafungua faili. Mjomba hakuomba muda wala kipimo. Hakuna aliyerudi kesho yake kwa Mama Mkubwa kumwambia: dada, sasa umetulia, hebu turudi kwenye lile swali lako. Kama kweli tunaamini tatizo lilikuwa homoni, hilo ndilo jambo la kwanza ambalo tungefanya. Tusipolifanya, tumeonyesha kwamba utulivu wake haukuwa haja yetu. Haja yetu ilikuwa ukimya wake.

Kwa hiyo jibu langu kwa lile swali ni hapana. Kujua kilichoipasha moto sauti ya mtu hakutupunguzii wajibu wa kujibu alichosema. Kunatuongezea wa pili, ule wa kumpa maji, kiti, na namba ya daktari ikibidi. Wajibu hizi mbili zinaweza kutimizwa siku moja na mtu mmoja, na sioni ugumu wake. Pituitari haina busara wala adabu, ni tezi ya ukubwa wa njegere. Hata hivyo habari ikitoka chini, tena ikikaa kwa siku mbili bila kushuka, yenyewe hubadilisha inachokifanya. Sisi tuna masikio, tuna kalamu, na tuna ajenda ambayo inaweza kusogezwa mbele kwa dakika kumi.